Mbili kati ya Nne

Jumapili, 25 Agosti

Kosa wanalofanya wengi ni kukimbilia mtihani. Mtu akisikia kwamba hapa Maryland mwenye shahada anaweza kupata leseni ya ualimu kwa njia ya mkato, bila kurudi chuoni miaka minne, siku hiyohiyo ananunua kitabu cha maswali. Anasoma miezi mitatu, anafaulu, kisha anagundua kwamba vyeti vyake havikubaliki. Cheti amekitia plastiki tangu alipohitimu, kama tulivyofanya sote, ili mvua na mende wasikiguse. Huku wanataka orodha ya alama itoke kwa msajili wa chuo, katika bahasha iliyofungwa, isipite mikononi mwa mwenyewe hata kidogo.

Mimi nilianza na vyeti. Cosmas, niliyemfundisha kemia kidato cha tano pale Bukoba na sasa anafanya kazi ofisi ya msajili, aliisimamia bahasha mpaka ikaondoka. Mtihani nikaufanya Juni, nikafaulu. Yamebaki mambo mawili: Jumamosi tisa za mafunzo Rockville, na masomo matatu nitakayofundisha msimamizi akiwa amekaa nyuma. Masomo hayo yanapewa alama, moja hadi nne. Natakiwa kupata wastani wa tatu kabla ya tarehe 13 Desemba. Mpango wetu huu wa leseni humpokea mtu mara moja tu. Ukianguka, huombi tena.

Nina miaka hamsini na tisa. Nyumbani nilifundisha kemia miaka ishirini na sita. Hapa, kwa miaka mitano sasa, ni msaidizi wa darasa: nagawa karatasi, nasindikiza watoto chooni, nakaa nyuma mwingine akifundisha. Naandika haya kwa faida ya atakayefuata, maana kila Jumapili baada ya misa wananiuliza njia inakwendaje, na nimechoka kueleza nikiwa nimesimama.

Jumatano, 28 Agosti

Shule imefunguliwa. Joto la kuoka mkate. Basi la Langley Park limezungushwa tena kwa sababu ya ujenzi wa reli. Nimefika nimelowa jasho.

Chumba 114, chumba cha kemia, hakina mwalimu. Aliyekuwapo amehamia Virginia. Wameweka mwalimu wa muda, mama mmoja mstaafu wa posta, ambaye alikaa mezani, akatoa uzi na sindano ya kufumia, akaniambia, "Endelea tu, Mister Laurean. Mimi kemia iliniacha mwaka wa sabini na sita."

Nikaendelea. Mkuu wa shule aliniona kupitia kioo cha mlango. Mchana akanisimamisha koridoni: "Nafasi hii naishikilia mpaka Krismasi. Lete leseni, chumba ni chako."

Sikulala mchana kama kawaida yangu ninaporudi. Nilikaa nikipanga mada za muhula.

Jumatano, 4 Septemba

Kuna msaidizi mwenzangu, Nyaguthii, Mkenya wa Nyeri, miaka thelathini na nne, mwenye shahada ya baiolojia. Yuko kwenye mpango uleule. Mtihani ulimwangusha Juni, upande wa kemia, lakini mtihani, tofauti na mpango, huruhusiwa kurudiwa.

"Mwalimu, nisaidie. Hizo moles zimenitesa vibaya."

"Moli hazimtesi mtu. Mtu huzitesa kwa kukariri."

"Sawa, basi nifundishe kuacha kuzitesa."

Tutakutana 114 kila Jumanne na Alhamisi watoto wakishaondoka. Ana akili nyepesi na mdomo mwepesi zaidi.

Jumamosi, 7 Septemba

Rockville. Mvua. Msimamizi wetu anaitwa Wayne. Alifundisha historia miaka thelathini, ana nywele nyeupe na sauti ya chini, na kufikia saa nne alikuwa amekariri majina yetu ishirini na mawili, pamoja na langu, bila kulivunja. Nimempenda. Ana adabu ya walimu wa zamani.

Alieleza utaratibu. Baada ya kila somo linalokaguliwa, mwalimu mwenyewe hujaza kwanza fomu ya kujipima: vipengele kumi, kila kimoja moja hadi nne. Anaituma kwa msimamizi, naye msimamizi ndipo huandika ripoti yake.

Jumamosi, 14 Septemba

Rockville. Mvua. Tulijifunza kupanga madawati.

Jumanne, 24 Septemba

Leo nimekaguliwa mara ya kwanza. Nitaeleza kwa kirefu, maana ni siku ambayo nimeingoja miaka minane, tangu nifike nchi hii.

Somo lilikuwa moli, yaani namna ya kuhesabu vitu vidogo mno kwa kuvipima uzito. Nilileta maharage, karanga na mchele, na mizani nne. Nikawaambia: ndani ya mfuko huu mna maharage, sitaki muyahesabu, nataka mnijulishe idadi. Walibishana kwa Kihispania, kwa Kiingereza, na wale ndugu wawili wa Kameruni kwa Kifaransa. Msichana mmoja wa Guatemala, ambaye tangu shule ifunguliwe hakuwa amefungua kinywa, alipima maharage kumi, akagawanya, akapima mfuko mzima, akaandika ubaoni: 412. Tukamwaga, tukahesabu. Yalikuwa 409. Darasa lilipiga kelele kama uwanja wa mpira. Mama wa posta aliacha kufuma.

Nikawauliza: basi kama kitu ni kidogo hata macho hayakioni, utakihesabuje? Yule msichana akajibu, "Namna hiihii." Hapo nikajua moli imeingia.

Wayne aliniaga kwa mikono miwili, akasema atasubiri fomu yangu.

Nimeijaza jioni hii. Nimejipa mbili karibu kila mahali, na tatu moja kwenye usafi wa ubao, kwa sababu ubao kweli ulikuwa safi. Mgeni wa mambo yetu anaweza kushangaa, kwa hiyo nieleze. Nyumbani mkaguzi akija, hujipi alama ya juu. Unasema, "Mzee, tumejaribu, mapungufu ni mengi." Naye anajibu, "Hapana Mwalimu, umefanya vizuri," anakupandisha. Unajishusha ili mkubwa apate nafasi ya kukuinua. Ukijiinua mwenyewe, umemnyang'anya kazi yake, na kazi iliyobaki kwake ni kukushusha. Nimeishi hivyo chini ya wakaguzi kumi na mmoja, na wote waliniinua.

Anitha, binti yetu, alichungulia begani kwangu. "Baba, you gave yourself a two?"

Nikamwambia asubiri aone.

Alhamisi, 26 Septemba

Nyaguthii naye alikaguliwa, kwenye darasa la chini la sayansi. Anasema kopo la kioo lilivunjika, watoto wawili wakarushiana barafu ya jaribio, na muda ukamwishia katikati.

"Ukajipa ngapi?"

"Nne."

"Zote?"

"Zote, Mwalimu. Kwani ulitaka nijipe ngapi? Na wewe?"

Nilipomwambia alishika kichwa. "Mbili! Aki Mwalimu, kwani ulifundisha ukiwa umelala?"

Nikamweleza kwa utulivu habari za mkaguzi, kama nilivyoeleza hapo juu. Alisikiliza mpaka mwisho, nampa haki yake. Kisha akasema, "Hapa ukijiweka chini, wanakuacha hapohapo chini. Hawajui ulikuwa unangoja kuinuliwa."

Nikamwambia kujisifu ni kazi ya mwenye duka. Akacheka, tukarudi kwenye moli. Moyoni nilisema: binti mzuri, lakini hana haya.

Jumanne, 1 Oktoba

Barua pepe: ripoti ya somo la kwanza iko tayari, ukitaka kuisoma na kuijibu, una siku kumi za kazi. Sikuifungua. Kuchungulia alichoandika mkubwa wako kabla hajakuita si adabu. Akiwa na la kusema, ataniita.

Jumamosi, 5 Oktoba

Rockville. Wayne alinishika bega wakati wa chai: "Nathamini sana ukweli wako, Laurean." Nikamshukuru. Njiani kurudi nilifurahi.

Jumanne, 15 Oktoba

Nyaguthii amefaulu mtihani. Jana alinikimbilia koridoni na simu mkononi, akanionyesha alama za kemia, kubwa kuliko za baiolojia yake mwenyewe. Leo ameleta chapati kumi na mbili. Dorothea, mke wangu, alizionja akasema zimekandwa na mtu mwenye haraka.

Jumanne, 22 Oktoba

Ukaguzi wa pili. Asidi na besi, kwa maji ya kabichi nyekundu, maana vifaa vya maabara havijaletwa tangu Agosti. Kengele ya moto ililia katikati, tukatoka uwanjani kwenye baridi, nikaendelea kufundisha hukohuko. Wayne alisimama akisikiliza, mikono mfukoni, akitabasamu.

Kwenye fomu nimejipa tatu kwenye vipengele vitatu. Vilivyobaki, mbili.

Jumatano, 30 Oktoba

Barua pepe ileile. Siku kumi za kazi. Nimeiacha.

Jumapili, 3 Novemba

Saa zimerudishwa nyuma. Saa kumi na moja jioni tayari giza.

Dorothea huwatunza wazee kwenye nyumba yao ya kulelea, kazi ya kusimama, na jioni huongea akiwa ameweka miguu kwenye beseni la maji ya moto. Leo aliuliza, "Baba Anitha, huyo Mzungu amekupa ngapi?"

"Hajaniita bado."

"Umemuuliza?"

"Mama Anitha, mtu haulizi."

"Mimi huuliza. Kila zamu nasoma walichoandika juu yangu. Mwaka juzi waliandika nilimwacha mgonjwa peke yake, na siku hiyo sikuwa hata kazini."

Nikamwambia hospitali na shule ni vitu viwili. Alinitazama, akaongeza maji ya moto.

Jumamosi, 9 Novemba

Rockville. Upepo, majani yote chini. Jumamosi ya tisa na ya mwisho. Tumepewa vyeti vya kuhudhuria.

Jumanne, 19 Novemba

Ukaguzi wa tatu. Nimefundisha vizuri. Naandika hivyo hapa kwa sababu hapa hapana anayesoma kwa sasa: nimefundisha vizuri kuliko nilivyowahi kufundisha Bukoba. Mlinganyo wa kemikali, kwa vifuniko vya chupa vya rangi tatu, kila rangi elementi yake. Yule msichana wa Guatemala alisimama akawaeleza wenzake kwa Kihispania, nami nikakaa. Kazi ya mwalimu ni kufika mahali anapoweza kukaa.

Nyaguthii alinivizia mlangoni. "Mwalimu, leo utajipa nne. Niahidi."

"Nitajipa ninachostahili."

"Hapo ndipo naogopa."

Nilijipa tatu kwenye vipengele viwili. Vilivyobaki, mbili.

Jumanne, 26 Novemba

Barua pepe ileile. Alhamisi ni sikukuu yao ya bata mzinga. Dorothea atakuwa zamu.

Ijumaa, 6 Desemba

Barafu nyembamba barabarani. Nilifika shuleni mapema, nikafungua barua pepe nikiwa bado na koti.

Matokeo ya awali. Somo la kwanza, 2.1. La pili, 2.3. La tatu, 2.2. Wastani, 2.2. Kiwango kinachotakiwa, 3.0. Hujatimiza masharti.

Nilivua koti. Nilivaa tena. Watoto waliingia, nikawafundisha vipindi vinne, na sijui niliwafundisha nini.

Nyaguthii amepata 3.4. Sikumuuliza, aliniambia mwenyewe, akiwa anatazama chini, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akitazama chini. Nilimwambia hongera. Naandika ukweli: lilitoka kama jiwe kinywani. Yule aliyevunja kopo. Yule niliyemfundisha moli kuanzia sifuri, Jumanne na Alhamisi, mpaka mfagizi anatufukuza.

Kisha akauliza, "Ripoti zinasemaje?"

"Sijazisoma."

"Hata moja?"

Nikachukua kifutio, nikafuta ubao.

Alifunga mlango wa 114. Akavuta kiti. "Mzee wangu, fungua hiyo laptop."

Nitaandika tulichokikuta, kwa Kiswahili, kadiri ninavyoweza kuwa mwaminifu. Ripoti ya kwanza, mkono wa Wayne: "Hili ndilo somo bora nililoliona mwaka huu, na pengine katika miaka kadhaa. Wanafunzi waligundua dhana wenyewe. Hata hivyo, mgombea ni mwalimu mwenye uzoefu mkubwa na amejipima kwa ukali. Bila shaka anaona mapungufu ambayo mimi, nisiyejua kemia, siwezi kuyaona. Nimeheshimu tathmini yake. 2.1. Akiona nimekosea, namkaribisha ajibu."

Ya pili: "Nilitarajia angejibu ripoti ya kwanza. Hakujibu, nami nachukulia kwamba anakubali. 2.3."

Ya tatu ilikuwa mistari miwili. Alikuwa ameshachoka.

Nyaguthii alisoma kwa sauti mpaka mwisho, kisha akapiga meza kwa kiganja. "Alikuwa anakuita! Mara tatu alikuwa anakuita!"

Jumamosi, 7 Desemba

Sikutoka nyumbani. Dorothea hakusema neno moja la kunilaumu. Afadhali angesema.

Jumatatu, 9 Desemba

Nyaguthii alimwandikia Wayne bila kuniuliza. Lau angeniuliza, ningekataa, na yeye alijua. Wayne amekuja leo mwenyewe, na theluji kwenye viatu.

Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Nilimuuliza jambo moja tu: kwa nini, kama aliona somo lile ni bora, aliandika mbili.

"Laurean, mimi ni nani nimwambie mtu mwenye miaka ishirini na sita darasani kwamba hajijui?"

"Wewe ni msimamizi."

"Nilidhani kukupinga ni kukudharau."

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. Tangu Septemba nimemwona mtu mwenye adabu, na tangu Ijumaa nimemwona mnafiki. Leo nimeona kwamba yote mawili si kweli. Ni mtu mpole anayeogopa kukosea, mwenye wagombea ishirini na wawili, na ni rahisi zaidi kunakili namba kuliko kuiandika. Hakunidhulumu. Alinitii. Ningeweza kupigana na mtu aliyenidhulumu.

"Na Nyaguthii," nikasema, "yeye alijipa nne."

"Nilimpunguza kidogo," akasema. "Alinijibu kurasa tatu. Nikampandisha tena kiasi."

Nyaguthii, aliyekuwa amesimama dirishani, alisema tu, "Nne."

"Tatu," Wayne akasema.

"Kurasa nne, Wayne. Nilizihesabu."

Siku za kujibu ripoti ya kwanza zimepita. Za ripoti ya pili zimepita. Ya tatu iko wazi mpaka Alhamisi. Wayne amesema nikijibu, ataandika alichokiona.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimejibu. Nyaguthii alikaa kando yangu kama nilivyokaa kando yake Septemba, na kila nilipoandika "nilijaribu" aliniambia, "Futa. Ulijaribu au ulifanya?" Nilifanya. Niliandika nilifanya, nilifanya, nilifanya, kurasa mbili, na mkono ulikuwa mzito kama ninaandika matusi.

Wayne amebadilisha ripoti ya tatu. Vipengele kumi, nne kila kimoja.

Wewe unayesoma huenda umeshafanya hesabu. Mimi niliifanya kabla hajatuma. 2.1, na 2.3, na 4.0, ni 8.4. Gawanya kwa tatu. 2.8.

Ijumaa, 13 Desemba

Mvua. Mlango wa mpango umefungwa saa sita mchana.

Jumatatu, 16 Desemba

Mkuu wa shule amempa Nyaguthii chumba 114. Alipaswa kumpa mtu, na Krismasi ni wiki ijayo.

Alikuja kuniambia mwenyewe, kabla ya tangazo. "Mwalimu, nitakataa."

"Ukikataa wataleta mtu wa kufuma."

"Siwezi kufundisha mbele yako kama wewe umekaa nyuma."

"Utaweza. Mimi nimekaa nyuma ya wabovu kuliko wewe."

Alicheka huku analia. "Hiyo ni kunisifu ama kunitusi?"

"Jipe nne, usiulize."

Januari nitakuwa msaidizi wake. Nitagawa karatasi. Atakapofika kwenye moli, atafundisha kwa maharage, kwa sababu ndivyo nilivyomfundisha, na watoto watapiga kelele, na atakuja mtu wa kumkagua, naye atajiandikia alama anazostahili. Nilimwita binti asiye na haya. Haya ninazo mimi, tele, na hizi hapa ndizo zilizoniacha nje ya mlango. Sijui kama nimemsamehe kwa kuwa sahihi. Bado nina uchungu naye saa za asubuhi, nikivua koti; mchana uchungu unapungua.

Jumatano, 18 Desemba

Yule msichana wa Guatemala aliuliza leo kama Januari ni mimi nitakayefundisha. Nilimwambia nitakuwapo. Akasema, "Sijauliza hilo." Nikampa kazi ya likizo.

Jumapili, 22 Desemba

Baada ya misa wamenizunguka tena, wanne safari hii, na mmoja ameanza mpango wetu mwezi uliopita na amekwisha kukaguliwa mara moja. Wamesikia nimeanguka. Walikuwa na huruma nyusoni, na chini ya huruma walitaka kujua tu ni mtihani au ni vyeti. Nikasema si mtihani, si vyeti. Wakangoja nieleze, maana wananijua, napenda kueleza. Kwa mara ya kwanza sikutaka. Nilimvuta kando yule aliyeanza, nikamuuliza kama ameisoma ripoti yake.

"Bado, Mwalimu. Nangoja aniite."

Nimeahidi kumpa daftari hili, na ukurasa huu nimeuandika akiwa analingoja hapa sebuleni, anakunywa chai ya Dorothea. Basi sikiliza, mdogo wangu. Haitafika siku ya kuitwa. Wameshaandika juu yako, na kimya chako kinasomwa kama ndiyo. Leo, kabla hujavua viatu nyumbani kwako, fungua ripoti yako, uisome mpaka mstari wa mwisho, na uijibu.